Joto Lisitunyang'anye Sindano



Mwezi wa Desemba mtu akipita mtaani kwetu akatukuta barazani na madonge ya uzi, hucheka. "Jamani, mnafuma masweta kwenye joto hili?" Swali lake si la bure. Hapa Dar es Salaam, tangu Desemba hadi Machi, joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, na ziko siku linapita hapo. Nyuzi hizo ni za joto, si hizi zetu za kufumia. Kiswahili kimezipa jina moja, na sisi katika miezi hiyo tunazihesabu zote mbili.

Sisi tunaoandika habari hii tunakaa Kariakoo, katikati ya jiji. Tuko wanawake wanane na mzee mmoja, fundi wa zamani wa mashine ya kufumia. Wengine wetu tulijua kusoma tukiwa watu wazima, kama wewe. Tunafuma kwa mkono, tunauza, na fedha inayopatikana inalipa kodi ya chumba na daftari za watoto.

Labda utauliza, mtu wa pwani na sweta wapi na wapi? Sikiliza. Shule zinafunguliwa Januari, na sare ya shule nyingi ina sweta. Mzazi analitafuta Desemba mwishoni au wiki ya kwanza ya Januari. Tena Kariakoo si soko la Dar es Salaam peke yake. Mfanyabiashara wa Njombe, wa Mbeya, wa Lushoto hupanda basi akaja kununua mali hapa. Huko kwao Juni na Julai ni baridi ya kutetemesha meno. Ukitaka kumwuzia sweta mwezi wa Mei, lazima uwe umelifuma Machi na Aprili. Basi unaona mwenyewe: nguo ya baridi hufumwa wakati wa joto. Anayengoja baridi ije ndipo ashike sindano, amechelewa.

Sisi tulichelewa. Miaka ya mwanzo, Desemba ikifika tulikuwa tunafunga kazi. Tulisema, "Joto likipungua tutaendelea." Tukaacha masweta nusu nusu kwenye mifuko. Machi tukarudi dukani kununua uzi wa kumalizia. Duka lile lile, namba ile ile, rangi bluu. Tukafuma mikono. Tulipotoka nayo juani, mikono ilikuwa bluu nyingine na kifua bluu nyingine. Mama mmoja wetu alikaa chini akashika kichwa. Uzi ulikuwa wa fedha ya kuazima.

Hapo tulijifunza jambo ambalo kila mfumaji anapaswa kulijua. Kiwanda hutia rangi uzi mwingi katika pipa moja kwa mara moja. Pipa linalofuata huwa na tofauti kidogo. Juu ya karatasi ya donge kuna namba mbili: moja ya rangi, na nyingine ya pipa. Namba zote mbili zikiwa sawa, nunua. Ya pipa ikiwa tofauti, acha. Na ununue uzi wa sweta zima siku moja. Sweta la mtoto wa miaka 7 hula gramu 200 hadi 250 hivi za uzi wa unene wa kati. Uzi wenye madonge ya gramu 50, chukua madonge 5. Ukibakiwa na kidogo, utafuma kofia.

Basi mwaka uliofuata tukakata shauri kufuma Desemba yote. Hapo ndipo tulipopata tatizo la pili, na hili lilitufundisha zaidi.

SWETA LENYE MGONGO MWEMBAMBA

Tuligawana kazi. Mmoja alifuma kifua, mwingine mgongo, mwingine mikono. Wote tulianza na vitanzi 80, yaani vile vijicho vya uzi vinavyokaa juu ya sindano. Uzi mmoja, sindano za unene mmoja. Siku ya kuunganisha tukaweka kifua juu ya mgongo. Havilingani! Kifua kilikuwa na upana wa sentimita 40. Mgongo ulikuwa 36 na kidogo.

Maneno yakawa mengi. Huyu anasema yule hakuhesabu. Yule anasema huyu ameongeza vitanzi. Tukahesabu mbele ya wote: 80 na 80. Mzee wetu alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza swali moja tu: "Nani alifuma saa ngapi?"

Aliyefuma kifua alifuma alfajiri, uani, kabla ya kuchota maji. Aliyefuma mgongo alifuma saa 8 mchana, chumbani, madirisha yanaangalia ukuta wa jirani.

Mzee akachukua rula. Akapima sentimita 10 kwenye kifua, akahesabu vitanzi 20. Akapima sentimita 10 kwenye mgongo, akahesabu 22. Sasa piga hesabu na sisi. Gawanya 80 kwa 20, unapata 4. Maana yake sentimita 10 mara 4, ni sentimita 40. Gawanya 80 kwa 22, unapata 3 na nusu na ushee. Ni sentimita 36 hivi. Vitanzi 2 tu vimekula karibu sentimita 4 za mgongo wa mtoto. Mtoto huyo akivaa, sweta linambana kwapani, na mama yake harudi kwetu tena.

Sababu yake ni jasho. Kidole kikiwa kikavu, uzi unateleza juu yake kama maji. Kidole kikiwa na jasho, uzi unanata. Unanata kwenye kidole, unanata kwenye sindano. Wewe bila kujua unauvuta. Ukiuvuta, kitanzi kinakuwa kidogo na kigumu. Hukosei hesabu. Mkono wako ndio umebadilika kwa sababu ya joto.

Hapa tuseme neno juu ya joto lenyewe, maana majoto hayafanani. Msomaji wa Dodoma anaweza kusema, "Mbona kwetu jua ni kali na mikono haichuruziki hivyo?" Ni kweli. Dodoma hewa ni kavu. Jasho likitoka, hewa inalinywa mara moja. Dar es Salaam tuko kando ya bahari. Hewa yetu imekwisha kunywa maji imeshiba. Jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki juu ya ngozi. Ndiyo maana msomaji wa Rufiji, Bagamoyo au Kilwa atatuelewa haraka kuliko msomaji wa Makete, ambaye labda anatucheka huku amejifunika blanketi.

Tangu siku ile tuna desturi mbili. Ya kwanza, sweta moja hufumwa na mtu mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono miwili ya sweta isigawanywe hata kwa mtu na dada yake. Ya pili, kila mtu kabla ya kuanza hufuma kipande kidogo cha kupimia, kipana kuliko sentimita 10, akahesabu. Akikifuma asubuhi, basi afume sweta asubuhi. Akiwa hana budi kufuma mchana, afume kipande kingine mchana, ahesabu tena. Vitanzi vikizidi, achukue sindano nene kidogo. Ni kazi ya nusu saa. Kufumua mgongo mzima ni kazi ya wiki, na machozi juu.

SAA YA KUFUMA NA MAHALI PA KUKAA

Saa zetu ni mbili. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 hivi, halafu jioni kuanzia saa 11. Mchana katikati hatufumi sweta. Tunauza, tunapika, tunafunga madonge, tunaunganisha vifungo. Uzi mweusi na bluu ya giza tunaufuma asubuhi, kwa kuwa usiku macho hayaoni kitanzi kilichoanguka. Uzi mweupe na wa manjano unaweza kungoja taa. Kwa saa 2 au 3 za kila siku, mfumaji wetu wa kawaida humaliza sweta la mtoto wa darasa la kwanza kwa muda wa kama wiki 2. Kwa hiyo anayetaka kuuza masweta 4 Januari, aanze Novemba mwanzoni, asidanganywe na kalenda.

Mahali nako kuna maana. Wazee wetu waliojenga nyumba za Kiswahili hapa Kariakoo walijua joto ni nini. Nyumba ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Fungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita kati kama treni. Kaa kwenye ukumbi huo na sindano zako, utashangaa. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, ghorofa zimepanda. Wenzetu wanaokaa ghorofani hutoka kwenye ngazi, mahali upepo unapopita, wakakaa na vigoda vyao. Wenye nyumba hawapendi sana, lakini tumezoeana.

Hata jengo la Soko la Kariakoo lilifikiriwa hivyo. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Alilipa paa la zege lenye umbo la miavuli mikubwa iliyogeuzwa, ili watu wapate kivuli na hewa. Soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na sisi tulisimama mbali tukilitazama. Lakini maarifa ya fundi yule hayakuungua: kivuli juu, pembeni wazi.

Ukiwa na feni, iwashe ipulize mikono, si uso. Umeme ukikatika, weka miguu kwenye beseni la maji ya baridi. Usicheke, jaribu. Na unywe maji. Mfumaji akishaingia kwenye hesabu za mistari husahau kunywa, mpaka kichwa kimuume.

Usilaze sweta mapajani. Hilo ni blanketi. Weka kigoda au meza ndogo mbele yako, kazi ilale pale, mikononi ibaki sindano tu. Sweta lifume vipande vipande: kifua peke yake, mgongo peke yake, mkono peke yake. Kipande kimoja hakichomi kama sweta zima. Kando yako weka kitambaa cha pamba kikavu. Kila ukimaliza mstari, futa vidole. Ukianza kazi, nawa kwa sabuni na kukausha vizuri. Poda kidogo ya mtoto inasaidia, ila iwe kidogo kweli. Mmoja wetu alijipaka kama anakwenda ngomani, sweta la bluu likawa na mawingu.

SINDANO NA UZI

Wafumaji wengi, mijini na vijijini, hutumia spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Ni sindano nzuri na za bei ndogo. Lakini spoki ikila jasho hushika kutu, na kutu ikigusa uzi mweupe haitoki. Futa spoki zako kila usiku, zifunge kwenye kitambaa kikavu. Zikishika kutu, zisugue kwa msasa laini, halafu paka nta ya mshumaa na kuifuta. Sindano za mianzi hazishiki kutu, na wakati wa joto tunazipenda kwa sababu zinanyonya jasho kidogo. Kijana mwenye kisu kikali anaweza kukuchongea.

Sasa uzi. Dukani utaambiwa kila kitu ni "uzi wa sweta", lakini ziko aina tatu kubwa. Kuna sufu, inayotoka kwa kondoo. Kuna pamba, ambayo msomaji wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza hahitaji kuelezwa na sisi. Na kuna uzi wa kiwandani uitwao akriliki, ambao hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, jamaa yake plastiki. Huu wa tatu ndio mwingi Kariakoo, kwa kuwa ni rahisi na una rangi za kuvutia.

Kuzitambua, kata kipande kifupi cha uzi. Kishike kwa kibanio juu ya sahani ya maji, watoto wakae mbali, ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake yanasagika. Pamba hunuka kama karatasi, majivu yake ni mepesi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa moto.

Kwa nini ujue? Kwa sababu kila uzi una tabia yake na jasho. Sufu inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaona kuwa imelowa. Pamba nayo inakunywa jasho vizuri. Akriliki hainywi. Jasho linabaki kwenye kidole chako wakati unafuma, na kwenye mgongo wa atakayeivaa. Hivyo katika Januari na Februari sisi tunapenda kufuma pamba: vitambaa vya makochi na vya meza, vinavyofumwa kwa sindano moja yenye ndoana kichwani. Ni kazi ndogo, haifuniki mapaja, na maarusi wanaitafuta mwaka mzima.

Kuna pia kofia na soksi za watoto wachanga. Hapa tunataka kusema waziwazi, hata kama tutapoteza wateja. Mtoto aliyezaliwa leo anahitaji joto, na aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji zaidi. Msikilize mkunga. Lakini mtoto wa miezi 4, mzima, mchana wa Februari hapa Dar es Salaam, kuvishwa kofia na sweta la akriliki hadi shingoni, hapana. Anatoka vipele vya joto, analia, halafu watu wanasema kijicho. Mama akija kwetu miezi hiyo tunamwonyesha za pamba, zenye matundu. Akitaka akriliki tunamwambia ainunue, amvalishe usiku wa Julai.

Kama uzi mpya ni ghali, kuna njia nyingine. Sweta la mtumba likichakaa viwiko, sehemu nyingine huwa nzima. Linunue, lifumue. Ila kabla ya kulipa geuza ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, liache, kwani uzi utatoka vipande vipande kila mstari. Ukiona vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, na ukingo haukukatwa, hilo ndilo. Fumua, zungusha uzi kwenye miguu ya kiti, funga mahali pa nne ili usitatizike, fua kwa maji ya uvuguvugu, utundike ukiwa na uzito kidogo chini, kama chupa ya maji. Ukikauka umenyooka. Hii ni kazi nzuri ya mchana wa joto, maana mikono inakaa majini.

KUFUA NA KUTUNZA

Sweta lililofumwa wakati wa joto lina chumvi ya jasho ndani yake, hata kama hulioni. Likikaa, chumvi hiyo huacha madoa ya manjano. Kwa hiyo lifue kabla ya kuliuza. Sufu usiifue kwa maji ya moto wala usiisugue, itajikunja na kuwa ngumu kama zulia. Kamua kwa kuviringisha ndani ya taulo. Usiitundike kwenye kamba, uzito wa maji utairefusha. Ilaze juu ya mkeka, kivulini. Hapa kwetu hukauka kwa siku 2, na ukiikunja kabla haijakauka sawasawa, masika yakija utaikuta na ukungu.

Kuna na nondo, yaani mdudu, si chuma cha kujengea. Watoto wa nondo hula sufu. Pamba safi na akriliki hawazijali sana. Kila baada ya wiki 2 kung'uta masweta ya sufu, yaanike nje kwa muda mfupi, rudisha kwenye mfuko wa kitambaa na majani makavu ya mwarobaini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa uzi wetu hilo lilikuwa jambo jema, kwani sweta ndani ya plastiki hutoka jasho kama mtu.

Mwaka huu uzi wa bluu wa masweta ya shule tulinunua Septemba, wote siku moja, namba ya pipa moja. Tumeugawa, kila mtu sweta lake. Vipande vya kupimia vimefungwa kwa pini kwenye ukuta wa ukumbi, kila kimoja na karatasi yake: jina, saa ya kufuma, na hesabu ya vitanzi. Yule mama wa mgongo mwembamba ndiye anayeandika karatasi hizo. Na kila anayetaka kufuma saa 8 mchana, kwanza anapita kwake.